Zambarau hafifu bustanini: lavenda si ya kila mahali

Mhariri,

Wengi wanaotaka maua ya zambarau hafifu hukimbilia lavenda. Limuru na Arusha itakubali, mradi ipate jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Pwani, joto na unyevunyevu huiozesha mizizi, na pesa ya mche imepotea.

Kwa baraza yenye kivuli, tunapendekeza urujuani wa Usambara, mmea wa milima yetu ya Tanga uliotambulishwa kisayansi mwaka 1893. Inasikitisha kwamba umejaa madirishani Ulaya kuliko kwetu! Tumia chungu chenye upana wa sentimita 10. Kikubwa zaidi hukaa na maji muda mrefu na shina huoza. Weka maji kwenye kisahani, subiri dakika 30, kisha mwaga yaliyobaki. Usimwagie juu: maji baridi yakitua kwenye jani lenye vinyweleo huacha baka lisilofutika. Ukitaka miche zaidi, kata jani zima lenye kikonyo cha sentimita 3, lichomeke kwa mshazari kwenye mchanganyiko mwepesi wenye unyevu, na vichipukizi vitatokeza baada ya wiki 6 hadi 10. Maua yakigoma, sogeza chungu karibu na mwanga, lakini si jua la moja kwa moja.

Wauza miche, tafadhali msiuze gugumaji kama pambo la bwawa. Ua lake linavutia, lakini kipande kikisombwa na mvua hadi mtoni huzaliana upesi; wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua adha yake. Na urujuani wa msituni Amani using'olewe, nunueni uliooteshwa kitaluni.

Wapenzi wa bustani,
Tanga