Kwako binamu, unayeandika majina ya mashua

Binamu,

Nilipokutumia ile picha ya herufi zilizochorwa kisanii ulijibu kwa maneno matatu: "Mizabibu au nyoka?" Ni Kijojia, lugha ya nchi ya Jojia kule Kaukasi (si lile jimbo la Marekani, usije ukamsumbua shemeji wa Atlanta). Baadaye ukaongeza kwamba mwandiko usiosomeka si mwandiko. Hilo ndilo lililoniketisha.

Wajojia wana hati tatu. Kongwe ni Asomtavruli. Imo kwenye mawe ya kanisa la Bolnisi tangu karne ya 5. Ikafuata Nuskhuri, ya wanakili wa vitabu vya dini. Ya tatu ni Mkhedruli, jina lenye asili ya mpanda farasi, kwa kuwa ilikuwa hati ya mambo ya dunia huku zile mbili zikibaki kanisani. Leo kila kitu, kuanzia daftari la mtoto hadi kibao cha duka, kimo katika herufi zake 33. UNESCO iliziorodhesha zote tatu kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2016.

Mkhedruli ya kila siku haina herufi kubwa, kama khati ya Kiarabu uliyofundishwa chuoni. Ila khati yetu hushikana mikono, unaivuta ijaze ubao. Herufi za Kijojia zikichapwa husimama mbalimbali: nyingine hujikunja katikati, nyingine huinua shingo, nyingine huteremsha mkia. Mwandishi hodari kama Lasha Kintsurashvili, ambaye pia huchora ikoni, zile picha takatifu za kanisani, hucheza na shingo na mikia hiyo.

Sasa, hoja yako. Chukua herufi yao ya "l", waiitayo lasi. Kitabuni ina pinde zilizofuatana. Kwa kalamu watu huiandika kwa upinde mmoja tu, na barua inasomeka. Jicho lao limezoea tangu shule herufi inayobadilika. Msanii anayeitanua moja ikajaza turubai anaendeleza mchezo walioujua zamani. Sikatai, zipo kazi ovyo, za kuwauzia watalii.

Lakini wewe? Ule ubao wa dau la mjomba, ulipoirudisha herufi "ya" ya mwisho ikapita chini ya jina zima hadi kwenye msumari, nani alishindwa kuusoma? Nipigie picha kabla hawajaupaka rangi upya.