Nyuma ya Milango Isiyo na Kibao

London

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na Baba Mdogo, ambaye najua atasomewa barua hii kabla haijakunjwa, shikamoo pia. Natumai mko wazima nyote. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na baridi imeanza kulegea.

Baba Mdogo aliuliza katika salamu zake ninafanya nini siku za Jumamosi. Nazunguka kwenye galari ndogo za sanaa. Sisemei yale makumbusho makubwa yenye foleni na ngazi za marumaru. Hayo yana wapenzi wake wa kutosha. Nasemea vyumba vya sanaa ya kisasa vilivyojificha juu ya karakana, chini ya reli, au ghorofa ya pili ya nyumba ambayo ukipita haraka utadhani wanauza vipuri. Huku mashariki mwa London, Bethnal Green na Hackney, vipo vingi. Kibao kidogo, wakati mwingine hakuna kabisa, mlango umefungwa, pembeni kengele. Unabonyeza, mlango unafunguka. Hakuna kiingilio, hakuna anayeuliza umetoka wapi. Kengele ile inafukuza watu wengi kuliko mlinzi mwenye rungu, na nashuku baadhi ya wenye galari wanapenda iwe hivyo.

Ndani ni kuta nyeupe, sakafu ya saruji, na kazi tano au sita tu. Hapo ndipo raha yake. Katika jumba kubwa macho huchoka kabla ya miguu. Hapa unakaa na picha moja mpaka ianze kukuonyesha mambo yake. Mezani huwa na karatasi ya maelezo. Mimi huisoma mwisho, na mara nyingine siisomi, maana huandikwa kwa lugha nzito ajabu. Afadhali kumwuliza kijana anayekaa mezani. Mara nyingi naye ni msanii, na ukimwuliza kitu fulani kimetengenezwaje, anaiacha kompyuta yake na kuinuka.

Sasa najua swali la Baba Mdogo: wanakula nini? Ziko za aina mbili. Za kwanza zinauza. Kazi ikinunuliwa, kwa kawaida msanii na galari hugawana nusu kwa nusu. Inasikika kama unyonyaji, lakini galari ndiyo inayolipa pango, inayobeba kazi kwenda kwenye masoko ya sanaa nje ya nchi, na inayoweza kumshikilia msanii miaka kadhaa kabla hajauza cha maana. Bei hazibandikwi ukutani; unaomba orodha, na hawakuangalii vibaya ukiirudisha mezani. Aina ya pili haziuzi. Chisenhale, iliyo kwenye jengo la kiwanda cha zamani huko Bow, au Gasworks ya Vauxhall, ambayo pia huwapa wasanii wa nje mahali pa kufanyia kazi kwa miezi kadhaa, huendeshwa kwa fedha za umma na za wafadhili. Huko ndiko ninakokuta mambo ya ajabu zaidi, kwa sababu hakuna anayewaza nani atakinunua.

Na msidhani vyumba hivi ni vya kujifunzia tu. Maureen Paley, mwenye galari ambaye leo ni jina kubwa, alianza mwaka 1984 ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi, Beck Road, Hackney. Matt's Gallery ilianza 1979 katika studio ya msanii Robin Klassnik, ikapewa jina la mbwa wake. (Mama, usicheke, ni kweli.) Humo mwaka 1987 msanii Richard Wilson alijaza chumba oili chafu ya injini hadi usawa wa kiuno, akaacha ujia mwembamba wa mtu mmoja kupita katikati. Oili imetulia tuli, nyeusi, inaakisi dari na madirisha, kiasi kwamba aliyesimama ndani hajui chumba kinaishia wapi. Kazi hiyo inaitwa 20:50. Baadaye ilinunuliwa na tajiri Charles Saatchi, na maelfu ya watu wakaiona kwenye majumba makubwa. Lakini ilizaliwa kwenye chumba kidogo, kwa mtu aliyekubali kumwagiwa oili ndani bila kujua kama kuna atakayekuja kuitazama.

Hilo nimeliona likijirudia. October Gallery, iliyo katika jengo la shule ya zamani Bloomsbury, imekuwa ikionyesha kazi za msanii El Anatsui wa Ghana tangu miaka ya 1990. Yeye huchukua vizibo vya chupa, akavibonda na kuviunga kwa waya wa shaba hadi vinakuwa pazia kubwa linalomeremeta. Tate Modern, mojawapo ya yale majumba makubwa ya sanaa hapa London, walimpa ukumbi wao mkubwa kabisa mwaka 2023.

Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kuletwa Uingereza akiwa mchanga, ndiye ninayekereka kwa niaba yake. Mwaka 1985 alikusanya kazi za wanawake weusi na wa Kiasia 11 kwa ajili ya ICA, taasisi ya sanaa ya kisasa hapa London, na nafasi waliyopewa ilikuwa korido. Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, aliipata 2017, akiwa na miaka 63, mwaka uleule walipoondoa sharti la kuwa chini ya miaka 50. Galari inayomwakilisha hapa, Hollybush Gardens, ni ndogo, imejibanza kwenye uchochoro wa Clerkenwell. Waliokawia kumwona ni wenye majumba makubwa.

Shida ya galari hizi ni pango. Mtaa ukianza kupendeza, kodi inapanda, zinahama. Niliyoipenda juzi unaikuta duka la kahawa. Kwa hiyo ramani yangu naifuta na kuichora upya kila mara.

Ndani ya bahasha nimeweka vikaratasi vya maonyesho. Vyenye alama ya penseli ni vya Zuhura, avibandike atakapo. Vingine Baba Mdogo achague. Alhamisi ya kwanza ya mwezi galari nyingi za mashariki huwa wazi hadi saa tatu usiku, nami nitakuwepo. Wakiniruhusu kupiga picha nitazituma kwa simu ya Zuhura.

Nisalimieni wote.

Ni mimi mwanenu