YAH: MALALAMIKO – MMEIZIMA WEBSAITI YETU, DOMEINI MMEANDIKA JINA LENU, NA BADO MNADAI HELA

Kwa Meneja wa Miradi,
Dar es Salaam.

Kaka meneja, salamu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeshatuma meseji, nimeshapiga simu, mdogo wangu pale huduma kwa wateja ananijibu "tunalifanyia kazi mama" mpaka sauti yake nimeikariri, na simlaumu maana yeye anasema alichoambiwa aseme, ila sasa nimeona niandike ili iwepo kwenye karatasi. Kilichonifanya nikae chini niandike ni ile invoisi yenu ya asilimia 30 ya mwisho, mmesema nisipolipa mpaka Ijumaa mnaizima websaiti. Mkaizima Alhamisi. Hata Ijumaa yenyewe hamkuisubiri jamani!

Tuanze na mkataba wa kututengenezea websaiti ya lodji yetu, kwa sababu mnaongea kama vile haupo. Una kurasa nne tu, hauchoshi. Bei ni milioni mbili na laki nne. Asilimia 40 kuanza kazi, 30 tukishapewa nakala ya majaribio tukaijaribu wenyewe kwenye simu zetu, 30 ya mwisho mkishatukabidhi vitu vyote, na hivyo vitu vimetajwa kimoja kimoja: domeini (yaani anwani ya websaiti) kwa jina letu, akaunti ya hostingi (pale websaiti inapohifadhiwa), nywila ya adimini, mafaili yote pamoja na databesi. Sikuviweka hivyo vipengele kwa ubishi. Hapa Mbeya kuna wenzetu wenye lodji waliotengenezewa websaiti na mtu wa mbali, wakalipa yote siku ya kwanza, mtu akabadilisha laini ya simu na habari ikaishia hapo. Ndo maana nikataka hela itoke kidogo kidogo kwa kazi inayoonekana, na ulivyokuja huku Forest ukakaa kwetu, ukala ndizi zetu za Tukuyu, ukasema "dada hii ni safi kabisa, sisi ndo tunavyofanya kazi". Ukasaini.

Sasa hiyo awamu ya pili. Mlidai hela mkanitumia skrinishoti. Skrinishoti haibonyezwi kaka. Nikakomaa mpaka mkaleta linki, tukaijaribu, fomu ya kubuki ikafanya kazi, nikalipa laki saba na ishirini siku ile ile, sikuwazungusha. Kuhusu picha nilishasema mapema na mkajibu hizo ni za muda tu, zitabadilishwa tukienda hewani. Tukaenda hewani nazo. Ukurasa wetu wa Hifadhi ya Kitulo, hifadhi iliyotangazwa 2005 kwa ajili ya maua, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, nyie mkaweka tembo! Tena tembo wamesimama na Mlima Kilimanjaro kwa nyuma, picha ambayo mtu yeyote wa utalii akiiona anajua imepigwa Amboseli, nchini Kenya. Na kwenye aya ya kipunji, yule kima wa huku Rungwe aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka huo huo wa 2005, mmeweka sokwe. Picha zetu wenyewe mlikuwa nazo, nilizipakia zote kwenye folda mliyonipa, maua ya Kitulo, Ziwa Ngosi, Matema, Daraja la Mungu pale Kiwira. Mgeni anayekuja Kitulo ni mtu wa maua na ndege, amesoma, anajua anachokifuata, akiona tembo anajua hawa hata hawajawahi kufika huko. Na msimu wa maua ni Desemba mpaka Aprili, haunisubiri mimi nibembeleze picha zibadilishwe.

Haya, picha ningevumilia. Kilichofuata ndo kilichonimaliza.

Mteja mmoja wa Arusha akanipigia, anacheka, ananiambia dada nimewatafuta Google nikabonyeza jina lenu nimeletwa kwenye kamari. Nikawaambia nyie. Mkajibu "kwetu inafunguka fresh, futa kache". Nikafuta kache, zile kurasa za zamani simu inazozihifadhi. Mwingine akapiga, nikawaambia tena, mkajibu tena kwenu fresh, mkanitumia na skrinishoti (mnazipenda hizi) ikionyesha iko sawa. Kumbe wote tulikuwa tunasema kweli! Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta hapa chuo kikuu cha MUST, akaja jioni na laptopu yake tukakaa jikoni. Akaandika anwani mwenyewe kwenye laptopu, websaiti ikafunguka vizuri kabisa. Akachukua simu yangu, akatafuta jina letu Google, akabonyeza, kamari hiyo. Akarudia, akaandika anwani moja kwa moja, nzuri. Akanieleza kwamba hivyo virusi vimetengenezwa vimkwepe mwenye mali, vinaangalia kwanza huyu mtu ametokea kwenye kutafuta Google? Yuko kwenye simu? Kama ndiyo wanamrusha, kama ni divelopa kwenye laptopu yake anayeandika anwani anayoijua kila siku, wanamwonyesha websaiti safi. Kwa hiyo nyie mngeweza kukaa mwaka mzima mnaniambia futa kache, na wateja wangu mwaka mzima wanapelekwa kubeti.

Akaendelea kuchimba akakuta vilipoingilia. Themu mliyotumia, yaani ule muundo wa mwonekano wa websaiti, ni ya kununua, ila mliyotuwekea imekrakiwa, laiseni imetolewa na ndani yake kuna faili ambalo kwenye themu halisi halipo. WordPress yenyewe, programu mliyojengea websaiti, ni ya bure hilo nalijua na halina tatizo, lakini kwenye kotesheni yenu kuna mstari umeandikwa "laiseni ya themu, laki moja na elfu themanini". Hela mlichukua, mkaenda kudaunilodi themu ya wizi. Halafu mkisoma huo mstari wa chini yake kuna "cheti cha SSL kwa mwaka, laki moja na nusu", yaani cheti cha usalama wa websaiti, na nikibonyeza kile kikufuli kwenye brauza naona cheti kimetolewa na Let's Encrypt, ambao vyeti vyao ni bure kwa kila mtu duniani. Kama ni hela ya ufundi ya kukifunga, andikeni ufundi, tutalipa, fundi lazima ale. Msiandike mmeninunulia kitu ambacho hakiuzwi.

Nikaomba basi mrudishe bakapu ya kabla ya virusi. Kimya. Hakuna bakapu.

Na hapa ndo nikajua kwa nini kila kitu kilikuwa kinachukua muda na hakuna anayejua jibu. Kuna kijana alinipigia kutoka Dodoma, mstaarabu tu, akajitambulisha kwamba yeye ndo ametengeneza websaiti yangu. Mimi nikashangaa, nikamwambia mbona sikufahamu. Akasema kampuni ilimpa kazi yote, hajalipwa, na nywila zote anazo yeye, anauliza kama naweza kumlipa moja kwa moja amalizie. Kaka meneja, kipengele cha mkataba kinasema kazi haitapewa mtu wa nje bila sisi kukubali kwa maandishi. Mimi sikatai kabisa kampuni kutumia vijana wa nje, wengi wana uwezo kuliko hata walioajiriwa, ila nijue ni nani, niwe na jina lake, na nyie mumlipe. Mtu ameshika ufunguo wa biashara yangu, anadai, ana hasira, na mimi hata sijui kama yupo. Kwa bahati nzuri huyu ni mtu mwenye utu. Angekuwa mwingine angefuta kila kitu usiku mmoja na nyie mngeniambia nifute kache.

Domeini sasa. Hili ndo kubwa kuliko yote na naona nyie mnalichukulia kama kitu kidogo. Kumbukumbu za usajili wa domeini mtu yeyote anaweza kuziangalia, nikaangalia, mwenye domeini ya lodji yangu imeandikwa kampuni yenu. Si sisi. Ni kama fundi amekujengea nyumba kwa hela yako halafu hati ya kiwanja akaandika jina lake. Websaiti ikiharibika nitatengeneza nyingine, inauma lakini inawezekana. Domeini ndo jina, ndo lipo kwenye mlango wa gari ya safari, kwenye bango la barabarani, kwenye kadi nilizogawa mpaka kwa madereva pale Uwanja wa Songwe, na imeili zetu zote zinapita humo. Ndo maana mlivyozima Alhamisi haikuzima websaiti peke yake, imeili nazo zilikufa, kwa sababu vyote mmeviweka kwenye hostingi moja chini ya akaunti yenu. Kuna kikundi cha Wajerumani kilikuwa kinathibitisha vyumba, wameandika barua imewarudia, bahati walikuwa na namba yangu ya WhatsApp. Wengine ambao hawana namba siwezi hata kuwajua.

La mwisho halafu nifike kwenye ninachotaka. Fomu ya kubuki tuliwaambia iwe na jina, tarehe, simu, na namba ya pasi ya kusafiria basi. Mkaongeza sehemu ya mgeni kupakia picha ya pasi nzima, sijui nani aliwatuma, labda ilikuja na templeti. Sasa zile picha zinaenda wapi? Tumeangalia kwenye deshibodi kabla hamjatufungia, zinaenda kwenye imeili binafsi ya Gmail ya yule kijana. Pasi za wageni wangu zimekaa kwenye imeili ya mtu ambaye sijawahi kumwona sura. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume kabisa ya kushughulikia hayo. Kwenye hiyo sheria mimi ndo mkusanyaji wa hizo taarifa na nyie ni mchakataji kwa niaba yangu, maana yake mgeni akilalamika ataanza na mimi, atanikuta hapa Mbeya, nyie mtakuwa huko mjini mnasema mnalifanyia kazi.

Sasa kaka, ninachotaka. Kwanza muiwashe hostingi leo, imeili zirudi, hilo halisubiri mjadala wowote. Ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii mbadilishe mwenye domeini iwe biashara yetu na mnipe ile namba ya siri ya kuihamishia kwa msajili wa domeini ninayemtaka mimi, mnipe nywila ya adimini, mafaili yote na databesi yote, siyo nusu, siyo kwa linki inayokufa kesho. Yule mtoto wa dada yangu wa MUST ataikagua kwenye seva nyingine kwanza tuone inafunguka bila kamari, ndo tuseme tumepokea. Picha za pasi zifutwe kwenye hiyo Gmail, na nipate maandishi yenu na ya yule kijana kwamba zimefutwa. Na yeye mumlipe, hayo ni yenu na yeye, lakini sitaki tena kupigiwa simu ya kudaiwa deni ambalo si langu.

Hela mnayodai siikatai yote. Mnadai 720,000. Natoa 180,000 ya laiseni ambayo hamkununua, natoa 150,000 ya cheti cha bure, inabaki 390,000. Hizo zipo, zimetengwa, siku tukimaliza kukagua zinaingia kwenye akaunti ya kampuni, siyo kwenye namba ya simu ya mtu, na mnipe risiti ya EFD maana hata ya zile malipo mawili ya mwanzo mpaka leo sijaiona, nimepewa ya kitabu tu. Mkiona siku 14 hazitoshi semeni ni kitu gani kinachukua muda, nitasikiliza. Mkikaa kimya, mwanasheria wetu ana nakala ya mkataba na meseji zote, na malalamiko ya zile pasi nitayapeleka Tume mwenyewe.

Nasubiri jibu kwa maandishi.

Wenu,
Mkurugenzi, nyumba ya wageni na safari,
Forest, Mbeya.

Nakala: Mwanasheria wetu.
Viambatanisho: mkataba, kotesheni, stakabadhi za malipo mawili, skrinishoti za kamari (za kwangu, siyo zenu).