Kitabu kuhusu Magufuli: mliofanya naye kazi andikeni, acheni matusi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nisemee hiki kitabu cha mwandishi wa habari Erick Kabendera kuhusu hayati Rais Magufuli, chenye tuhuma nzito dhidi yake, maana toka kitoke mwaka 2024 watu wanatukanana tu kila siku na waliokisoma unawahesabu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kukipata huku mikoani ni kazi, kwa hiyo wengi wetu tunaletewa vipande kwenye magrupu ya WhatsApp na kila anayetuma anachagua kipande cha kumfurahisha yeye.

Hapa Mwanza kijiweni niliona jamaa anawasomea wenzake ukurasa mmoja uliopigwa picha, picha yenyewe imekatwa upande wa kulia, yaani kila mstari umekosa maneno mawili matatu ya mwisho, na yeye anatafsiri hivyohivyo, pale pasipoonekana anajazia mwenyewe. Haikuchukua muda watu wakagawanyika, huyu anasema mwandishi katumwa na mabeberu, yule anasema ni kweli tupu na kuna mengine kayaacha, sauti zikapanda mpaka muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe vyake, na hakuna hata mmoja aliyejua zile sentensi zinaishia wapi. Ndivyo tunavyobishana nchi nzima kuhusu mtu aliyekuwa rais wetu.

Mimi sifichi, nilimpenda Magufuli na mpaka leo namheshimu. Anayekaa mbali na ziwa hawezi kujua maana ya kukaa Busisi usiku na shemeji yako ana uchungu wa kujifungua kwenye gari, feri iko ng'ambo ya Kigongo, unaziona taa zake na huna la kufanya. Leo kuna daraja la kilomita 3 pale na yeye ndiye aliyelianzisha. Kuna bwawa la Rufiji la megawati 2,115 ambalo wakubwa wengi duniani walimwambia asijenge, kuna reli ya kisasa, kuna elimu bila ada toka Januari 2016 ambayo imewarudisha darasani watoto wa ndugu zangu mwenyewe. Mtu akiniambia huyu mzee hakufanya kitu simuelewi.

Ila simuelewi vilevile anayesema kwa sababu kajenga daraja basi tusiulize Ben Saanane yuko wapi. Yule kijana alikuwa msaidizi wa Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, kapotea Novemba 2016 hadi leo. Azory Gwanda alikuwa mwandishi, anaandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, akachukuliwa Novemba 2017, na mke wake alikuwa mjamzito. Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, alipigwa risasi mchana kweupe Dodoma, Septemba 7, 2017, ndani ya eneo la nyumba za viongozi, na mpaka sasa hakuna mtu aliyefikishwa mahakamani kwa lile tukio. Haya hayajaanzishwa na kitabu. Yalikuwepo na yaliandikwa magazetini kipindi hichohicho, na magazeti mengine yakafungiwa kipindi hichohicho. Kwa hiyo kusema mwandishi kaja kumchafua marehemu na maneno ya kutunga sio sawa, maswali ni ya zamani, majibu ndiyo hayapo.

Halafu naona watu badala ya kujibu kilichoandikwa wanamrudia mwandishi na uraia wake, ati sio Mtanzania. Jamani! Hicho ndicho alichoambiwa alipokamatwa Julai 2019, mara wanachunguza uraia, baadaye likaja la utakatishaji fedha na kukwepa kodi. Akakaa mahabusu, mama yake mzazi aliyekuwa anaomba hadharani mwanae aachiwe akafariki Desemba 31, 2019, na mahakama ikamkatalia kwenda hata kumuaga. Katoka Februari 2020 baada ya kukubaliana na upande wa mashtaka na kulipa mamilioni. Mtu wa hivyo usitegemee aandike kwa upole, na msomaji ana haki ya kuliweka hilo akilini anaposoma. Uchungu wake haumfanyi mwongo, na pia haufanyi kila anachosema kiwe kweli.

Nimekisoma kwa kuazima, taratibu, kamusi iko pembeni. Kuna sehemu zimeniuma na kuna sehemu nimebaki nauliza, wewe haya umeyajuaje? Tuhuma za damu dhidi ya mtu aliyelala kaburini Chato toka Machi 2021 zinataka ushahidi ambao mtu mwingine naye anaweza kwenda kuukagua, chanzo kisicho na jina peke yake hakitoshi, hata kama tunajua kwanini watu wanaogopa kutaja majina yao. Sitazirudia tuhuma zenyewe hapa maana sina cha kuzithibitisha na sitaki kuliingiza gazeti lenu matatani. Wanaomshangilia mwandishi nao wajue, kumuamini mtu kwa sababu tu anamsema usiyempenda sio kutafuta ukweli.

Kuna wanaotaka kipigwe marufuku. Hiyo tulishaijaribu, kitabu cha mauaji ya Mwembechai, Dar es Salaam, kilipigwa marufuku enzi za Rais Mkapa na kinasomwa mpaka leo, nadhani hata zaidi ya ambavyo kingesomwa kama kingeachwa dukani.

Na hapo kwa Mkapa ndipo hasa nilipotaka kufika. Mzee Mkapa aliandika kumbukumbu za maisha yake akiwa hai, na mle ndani hakuruka mauaji ya Pemba ya Januari 2001, aliyataja kuwa ni doa kwenye urais wake. Wapo wasioridhika na alivyoyaeleza, sawa, lakini kasema kwa mkono wake, na sisi tunaweza kuweka maneno yake pembeni ya maneno ya wanaomlaumu tukapima. Mzee Mwinyi, rais aliyemtangulia Mkapa, naye kaacha kitabu chake. Aliyekizindua kile cha Mkapa Novemba 2019 alikuwa Magufuli mwenyewe, kasimama pale na wazee wenzake wanacheka, miezi 16 baadaye katangulia mbele za haki bila kuandika lolote. Kwa hiyo upande wake kwenye hii kesi ya maandishi haupo kabisa. Upo tu kwenye klipu za hotuba na kwenye vichwa vya watu waliofanya naye kazi.

Hao ndio nawasemesha. Mawaziri wake wengi wazima, makatibu wakuu wapo, wakuu wa mikoa wapo, wengine bado wana vyeo na wengine wanalima mashamba yao, mlikuwa mnamsifia kila mkipewa maiki, sasa kimya chenu ni cha nini? Kama mnajua kilichoandikwa ni uongo, semeni uongo ni upi, siku ile nilikuwepo mahali fulani, kikao kilikuwa hivi, karatasi hii hapa. Na kama mnajua kuna ukweli, mkiendelea kunyamaza mnawatesa watu. Profesa Kabudi akiwa waziri wa mambo ya nje, Julai 2019, aliiambia BBC kwamba Azory alipotea na akafariki, halafu ikaja kauli ya kurekebisha kwamba hakumaanisha kuthibitisha kifo. Fikiria familia ya Azory ilivyolala usiku ule. Kabudi alichokuwa anajua ni nini na alikijua kutoka kwa nani? Hilo halihitaji mwandishi wa kitabu kuja kutuambia, lipo hapahapa nchini.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya kwamba haya ni ya awamu iliyopita. Septemba 2024 Ali Kibao, kada wa Chadema, alishushwa kwenye basi na siku ya pili akaokotwa amekufa, na Magufuli alikuwa keshazikwa zaidi ya miaka mitatu. Tukimtwisha mtu mmoja kila kitu, hawa wengine watakuwa wanapita tu na kazi yao inaendelea.

Na lile la kusema kila anayemtetea Magufuli ni Msukuma na kila anayemsema ni wa kaskazini au Mhaya mwenzake Kabendera liishe, tutakuja kuchinjana kwa upuuzi huo. Huku Usukumani kuna waliofutiwa ajira na waliofungwa enzi zake, na kaskazini kuna wanaomlilia mpaka kesho.

Mhariri, ombi langu kwenu ni hili. Kama kuna namna ya kuzungumza na mwandishi na wachapaji wake, kitabu kitafsiriwe Kiswahili, hata mkitoa sura moja kila Jumapili watu watanunua gazeti. Na kila sura ikitoka, mpigieni simu kila kiongozi aliyetajwa humo, mpeni nafasi ileile ajibu kwa urefu anaotaka, na akikataa kuongea andikeni kwamba mlimtafuta akakataa.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza