Jenerali Aitken hakushindwa na nyuki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyoichapisha karibuni, iliyosema kwamba Waingereza walishindwa Tanga mwezi Novemba 1914 kwa sababu ya nyuki. Hadithi hiyo ni tamu, na Kiswahili kinaizidishia utamu kwa kuwa mzinga kwetu ni wa asali na ni wa baruti pia. Hata hivyo, nyuki wale walitimuliwa na risasi, wakawauma hata wapiga bombomu wa upande wa Wajerumani.

Meja Jenerali Arthur Aitken, aliyewaongoza Waingereza katika shambulio hilo, alikuwa afisa wa Jeshi la India mwenye utumishi wa miaka mingi. Alikabidhiwa watu wapatao 8,000, wengi wao wageni kwake, waliosongamana melini tangu walipoondoka Bombay katikati ya Oktoba. Alipofika Mombasa alipewa fursa ya kuwachukua askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, waliozijua nyika hizi, akaikataa. Kosa hilo ni lake peke yake. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitangulia Tanga, nahodha wake akadai mji usalimishwe, na alipokataliwa akarudi kuzifuata meli za askari. Kushuka pwani, huko Ras Kasone, kukaanza usiku, wakati mchana kutwa mji ulikuwa na walinzi wachache mno.

Hapo ndipo Moshi inapoingia, na hapo ndipo makala yenu iliponyamaza. Sehemu kubwa ya jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ilikuwa huku kwetu, ikilinda mpaka wa kaskazini, na reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu mwaka 1911. Kila nipitapo stesheni hutazama zile reli mbili, zilizoachana kwa mita moja tu, nikawafikiria askari waliopakiwa kwa mafungu, kwa sababu mabehewa hayakutosha kuwachukua wote kwa mara moja, wakasafiri kilomita zipatazo 350. Aitken aliposhambulia kwa nguvu zake zote tarehe 4, alikuta watu kama 1,000 wakimngojea. Alipoteza zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, akaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa. Wenzake waliotumwa Longido nao walikuwa wamerudishwa nyuma tarehe 3.

Baadaye alishushwa hadi cheo cha kanali, akawekwa kando kwa nusu mshahara. Kwa maoni yangu adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko sehemu yake ya kosa, maana wakubwa waliompa jeshi lisilofunzwa vyema hawakushushwa naye.

Mkiirudia habari hii, naomba askari waliopanda treni Moshi watajwe kabla ya nyuki.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Moshi