YAH: MALALAMIKO KUHUSU INJINI MLIYOIFANYIA OVAHOLI, SILINDA NAMBA 4

Meneja,
Karakana ya Injini,
Tabora.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi wa tatu niliwaletea Fuso langu la mwaka 1994, injini ya silinda 6, mkalifanyia ovaholi kwa shilingi 4,850,000 na dhamana ya miezi sita. Ankara ninayo: ringi za pistoni, gasketi ya silinda hedi, valvu 12 mpya (kila silinda mbili, ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi). Wiki saba gari lilifanya kazi. Wiki ya nane, tukipeleka tumbaku ya Urambo Morogoro, likaishiwa nguvu katikati ya mlima wa Sekenke. Utingo akaruka chini kuweka mawe kwenye matairi, na madereva waliotupita hawakukosa la kusema.

Tangu siku hiyo, asubuhi haliwaki mpaka upige starta mara nne, linatoa moshi mweupe na injini inamisi, yaani inaruka mapigo. Nikarudi kwenu. Mkasema nozeli, zile za kupulizia dizeli kwenye silinda, nikanunua sita, hapohapo kwenu. Hali ileile. Mara ya pili mkasema dizeli ya vituo vya njiani ni chafu. Mara ya tatu, na hii ndiyo iliyonishikisha kalamu, msimamizi wenu akaniambia Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, lazima ishuke.

Kwamba hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, sibishi. Lakini silinda zote sita zinavuta hewa hiyohiyo, na zinakunywa dizeli ya tangi moja. Nikamwuliza kama amezipima. Hakuwa amezipima. Safari zote tatu sikuona mtu wenu ameshika geji ya kompresheni.

Nikaenda kwa fundi mmoja Ipuli, karakana yake ni mabati manne chini ya mwembe. Alipasha injini moto, akachomoa nozeli zote, akakata dizeli, akahakikisha betri imejaa, ndipo akafunga geji ya injini za dizeli (ile ya petroli haifiki huko). Silinda tano zilisoma kati ya baa 26 na 27. Namba 4 ilisoma 14.

Akatia oili kidogo ndani ya namba 4, akapima tena: 15. Kama ringi ndizo zimekwisha, oili ingeziba mwanya na geji ingepanda sana. Akapandisha pistoni juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, akaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la nozeli, akaniita nisikilize. Kwenye mfuniko wa oili, kimya: ringi nzima. Kwenye rejeta, hakuna povu: gasketi nzima. Kwenye mdomo wa ekzosi upepo ulikuwa unatoka, hata kiganja kinausikia: valvu ya ekzosi haifungi.

Fila geji nayo, vile vibati vya kupimia mwanya, kwenye tapeti ya valvu ya ekzosi ya namba 4 (panapotakiwa kuachwa mwanya mdogo ili valvu ifunge), hata bati lake jembamba kuliko yote halikupita. Tapeti ikibana namna hiyo valvu haikai kwenye siti yake, pale inapofungia. Isipokaa haipoi, na moto unaila. Tulipofungua hedi tukaikuta imeliwa ukingo upande mmoja.

Kukosea tapeti moja ningewasamehe, fundi naye ni mtu. Ila shina la valvu ile limelika mpaka limefanya ngazi unayoihisi kwa ukucha. Wiki saba haziwezi kufanya hivyo. Ni valvu ya zamani iliyosagwa ikarudishwa, nami nikalipia mpya.

Ninadai mambo mawili. Kwanza, mnirudishie shilingi 540,000 za nozeli nisizozihitaji. Pili, mlipe shilingi 380,000 za kufungua hedi, gasketi na valvu. Mzigo niliolazimika kuupakia kwenye lori la mwenzangu sitaudai, ingawa ningeweza. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, barua hii na ankara yenu vitakwenda Tume ya Ushindani.

Valvu ninayo, nimeifunga kwenye gazeti. Zile 11 zilizobaki bado ziko kwenye hedi. Fundi atazitoa Jumamosi saa tatu asubuhi. Mtumeni mtu aje na mikromita yake, apime mashina.

Mteja wenu,
Mmiliki wa Fuso.