Barua kwa mwanangu: kabla hujafuatana na Wagaddi

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Nimesoma kwamba unataka kutoka hapo Palampur, Himachal Pradesh, kaskazini mwa India, ufuatane na wachungaji wa Kigaddi hadi malisho ya juu milimani. Sikukatazi. Ila maswali yako yote ni ya theluji na chui, nami naona umeanzia mwisho. Mlima ukiua, kila mtu anasimulia. Huko vilimani chini, majira ya baridi, kundi hupukutika mmoja mmoja na hakuna anayepiga kelele. Kwa hiyo naanza na huko.

Kuanzia Novemba hadi Machi hivi, makundi hukaa vilima vya chini vya Kangra, Hamirpur, Una na Bilaspur. Nyasi ni haba, mbuzi wanaishi kwa matawi, na ndiyo miezi ambayo kondoo wengi wanazaa. Jike lenye njaa halina maziwa, na lisilo na maziwa humkataa mtoto. Juu ya hayo, misitu mingi ya huko imevamiwa na lantana, kichaka kilekile cha maua ya rangi rangi unachokijua huku kwetu. Mnyama aliyeshiba hukipita. Aliyefika na njaa hukila.

Jifunze kuitambua sumu yake, maana utaulizwa. Inaharibu ini. Ini likishindwa kutoa nyongo, mabaki ya ukijani wa majani hubaki kwenye damu hadi yafike kwenye ngozi, na jua likiipiga ngozi isiyo na rangi, inaungua. Pua na masikio huvimba, macho hutoa machozi, weupe wa jicho unageuka manjano, na mnyama anang'ang'ania kivuli. Wenye ngozi nyeupe huonyesha kabla ya weusi. Tumbo nalo husimama, majani yakabaki ndani yakiendelea kumtia sumu. Ndiyo maana kumtoa kichakani hakutoshi: mweke kivulini, mpe maji, na mkaa wa dawa anyweshwe mapema. Akishaacha kula kwa siku kadhaa, matumaini ni madogo. Kinga ni rahisi zaidi: wanyama wageni wa eneo hilo washibishwe kwanza ndipo wapitishwe.

Aprili joto likipanda, safari ya juu inaanza. Njiani wenye mashamba huomba kundi lilale shambani usiku mmoja au miwili kwa ajili ya samadi, na mchungaji hulipwa nafaka au fedha. Mbolea ya dukani imepunguza desturi hiyo, lakini ipo bado. Manyoya ya kondoo hukatwa mara tatu kwa mwaka, na jumla yake ni kilo moja na ushee tu kwa kila kondoo. Usitegemee kwamba sufu ndiyo inayowalisha. Siku hizi kinacholeta fedha ni kuuza wanyama wa nyama. Nywele za mbuzi husokotwa kamba.

Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo itolewe angalau wiki tatu kabla ya kuondoka. Mwili unahitaji muda wa kujenga kinga, na makundi yakishakutana kwenye njia nyembamba, mgonjwa mmoja anatosha.

Sasa kwa nini wanaharakisha kuvuka milima? Ni mvua. Kuanzia mwishoni mwa Juni, upande wa kusini wa Dhauladhar, safu ya milima iliyo juu ya Kangra, hunyeshewa vibaya. Dharamshala peke yake hupata karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Ardhi ikiloa hivyo, kwato zinaoza, minyoo inaongezeka, na kondoo anayechechemea haupandi mlima. Lahaul, kwenye malisho ya juu, iko nyuma ya safu za milima, mawingu hufika yakiwa yameshamwaga maji yao. Kwato zikianza kunuka, zikate kwanza mpaka sehemu nzima, kisha kundi lipite kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba, sehemu 5 kwa 100. Wanyweshe maji safi kabla: kondoo hawavumilii shaba, na mwenye kiu atayanywa hayohayo ya miguu.

Wanaokwenda Lahaul huvuka Juni au Julai. Njia za kuvukia mlima ni kadhaa. Jalsu, kutoka upande wa Baijnath kwenda bonde la mto Ravi, ina kimo cha mita 3,400 na kitu. Indrahar, juu ya Dharamshala, ni 4,342. Kugti, inayotoka upande wa Bharmour kuingia Lahaul, inapita 5,000. Pote kanuni ni moja: theluji ivukwe alfajiri ikiwa imeganda. Jua likishapanda inalegea, miguu inazama, na mawe yanaanza kudondoka. Mbuzi hutangulia, kondoo hufuata, na ngazi huchongwa kwa shoka panapoteleza. Wengi hutoa sadaka kwa Shiva, mungu wa Wahindu, kabla ya kuvuka. Wewe simama pembeni kwa adabu.

Watoto waliozaliwa njiani hubebwa ndani ya chola, lile joho la sufu, juu ya dora, kamba nyeusi ya sufu inayozungushwa kiunoni mara nyingi. Mfuko ni hapo hapo kifuani. Mbwa huvishwa kola ya chuma yenye miiba, kwa sababu chui hukamata koo. Usimshike mbwa huyo bila mwenyewe kuwepo.

Lahaul kwenyewe kazi ni ndogo: chumvi hutandazwa juu ya mawe bapa, kundi linanenepa. Hatari ni ile siku ya kwanza, matumbo matupu yakikutana na majani mabichi mengi. Waingizwe kidogo kidogo. Septemba wanaanza kugeuza, kabla theluji mpya haijafunga njia.

Kila kundi lina malisho yake ya juu, na kibali cha idara ya misitu huandika idadi ya wanyama. Sheria ya India ya haki za misitu ya 2006 inawatambua wafugaji wahamaji, lakini wachungaji bado wanatembea na karatasi zao mfukoni. Usipige picha karatasi hizo.

Ukisikia kichwa kinauma na kutapika huko juu, shuka siku hiyohiyo, hata kama wenzako wanasema utazoea.

Niandikie kundi lako linavukia wapi. Kama ni Jalsu, nenda. Kama ni Kugti, kwanza mpigie babako.

Mama yako